Tuvalu: jua tele, ardhi haba

Nikiitaja Tuvalu mbele ya jamaa zangu, maswali huwa mawili. La kwanza: "Kwani bado haijazama?" La pili hutoka kwa wale wanaojiona wajuzi zaidi: "Nchi iko karibu na ikweta, jua linawaka mwaka mzima, sasa kwa nini bado wanachoma dizeli?" Yote mawili ni maswali ya haki. Tabu ni kwamba majibu yake yamefungamana. Bahari, umeme na maji ya kunywa pale ni kamba moja iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Ukivuta uzi mmoja, nyingine zinafuata.

Tuanze na ukubwa, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Tuvalu ni visiwa 9 katikati ya Bahari ya Pasifiki, kusini ya ikweta, na nchi kavu yake yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 26 hivi. Unguja peke yake ingeimeza zaidi ya mara sitini. Watu ni kama 11,000, na zaidi ya nusu yao wamejazana Funafuti, penye makao makuu. Hapo nako wengi wao wanaishi kwenye ukanda mmoja uitwao Fongafale, urefu wake kama kilomita 12, upana wake haufiki nusu kilomita pale ulipo mpana, na kuna sehemu ni mwembamba kiasi kwamba mtu akisimama barabarani anaiona bahari kuu mkono huu na bahari ya ndani mkono ule. Sehemu ya juu kuliko zote nchini haifiki mita 5. Mnazi wa kawaida ni mrefu kuliko "mlima" wao.

Jina Tuvalu maana yake ni wanane waliosimama pamoja, kwa kuwa visiwa vilivyokaliwa na watu tangu zamani vilikuwa vinane. Wakati wa Waingereza viliitwa Visiwa vya Ellice. Uhuru ukaja tarehe 1 Oktoba 1978. Wengi wetu tumeshaigusa nchi hii bila kujua, kwa sababu anwani za intaneti zinazoishia na .tv ni mali yake, na fedha za kuzikodisha ni fungu la kweli katika bajeti ya serikali, sambamba na leseni za meli za kigeni zinazovua jodari. Nchi haina mto, haina mafuta, haina madini. Inakodisha herufi mbili na samaki wanaopita.

Pete ya matumbawe

Visiwa vingi vya Tuvalu ni atoli, yaani pete ya matumbawe iliyozunguka bahari ya ndani iliyotulia. Maelezo yaliyokuja kukubalika aliyatoa Charles Darwin: hapo kale kulikuwa na mlima wa volkano uliochomoza baharini, matumbawe yakaota kuuzunguka, kisha mlima ukaanza kudidimia polepole mno huku matumbawe yakizidi kuota kwenda juu kuufuata mwanga. Mlima ukapotea, pete ikabaki. Kati ya 1896 na 1898 wanasayansi waliotumwa na Royal Society ya London walikwenda Funafuti kuihakiki hoja hiyo kwa kutoboa ardhi. Walifika mita 340 hivi na bado walikuwa wanatoa matumbawe. Mwamba wa volkano hawakuugusa.

Jiwe la matumbawe sisi wa pwani tunalijua. Ni gumu, linajenga nyumba na misikiti, lakini ndani limejaa matundu kama mkate wa kumimina. Sasa fikiria nchi nzima imekaa juu ya mkate huo, na chini yake ni bahari.

Mvua ikinyesha, maji baridi hupenya chini na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyomo ndani ya jiwe, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka hilo ndilo kisima cha kisiwa. Kisiwa kikiwa kipana, tabaka linakuwa nene. Kikiwa chembamba, nalo linakonda. Wazee wa Tuvalu walilijua hili kabla ya mwanasayansi yeyote kufika. Walichimba mashimo mapana mpaka kuyakuta maji matamu, wakayajaza majani yaliyooza, wakapanda humo pulaka, aina ya gimbi kubwa linalopenda miguu yake iwe majini. Shimo la pulaka ndilo lilikuwa shamba. Mnazi, mshelisheli na mkadi vilijiotea pembeni, lakini chakula cha kushibisha ukoo kilitoka shimoni. Leo chumvi inapanda kutoka chini, gimbi linaoza mizizi, na mashimo mengi yameachwa. Huko Fongafale tabaka lenyewe limeshachafuliwa na maji ya vyoo pamoja na chumvi, halinywewi. Maji ya kunywa ni yanayokingwa kwenye bati na kuhifadhiwa kwenye matangi.

Matundu hayohayo yanaeleza jambo lingine linalowashangaza wageni. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa kupita kawaida. Kwetu ni bamvua. Tuvalu nako kuna bamvua, na makubwa kuliko yote huja miezi ya mwanzo ya mwaka. Mtu angetarajia maji yaupande ufukwe kisha yashuke mitaani. Fongafale yanakuja kwa njia nyingine: yanabubujika katikati ya kisiwa, kwenye nyasi karibu na uwanja wa ndege, yakitoka ardhini. Watoto huyachezea. Ukijenga ukuta ufukweni hukuyazuia maji hayo, kwa sababu hayakupita ukutani.

Na haki itendeke, si kila dimbwi lililoonekana kwenye picha za Fongafale lililetwa na mabadiliko ya tabianchi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walitua hapo kupambana na Wajapani, na mwaka 1943 wakajenga uwanja wa ndege juu ya mashimo ya pulaka na minazi ya watu. Kifusi cha kuujenga walikichimba kisiwani humohumo. Mashimo waliyoyaacha yalikaa zaidi ya miaka 70 yakijaa na kupwa na bahari, yakinuka taka, huku familia zisizo na ardhi pengine zikijenga vibanda kandokando. Yalikuja kufukiwa 2015 kwa mchanga uliofyonzwa kutoka bahari ya ndani, gharama zikilipwa na New Zealand.

Inazama au haizami?

Wanasayansi wa NASA, katika tathmini yao ya 2023, walisema kina cha bahari Tuvalu kimepanda kama sentimita 15 katika miaka 30, wastani wa milimita 5 kwa mwaka, kasi inayozidi wastani wa dunia nzima kwa kipindi hichohicho. Kufikia 2050, walisema, sehemu kubwa ya ardhi na majengo muhimu itakuwa chini ya kiwango cha maji kujaa cha leo.

Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo yaliyozua mjadala mkali. Walilinganisha picha za angani na za setilaiti za visiwa na visiwa vidogo 101 vya Tuvalu, kuanzia 1971 hadi 2014. Ukijumlisha yote, ardhi haikupungua. Iliongezeka kwa asilimia 2.9. Wanaopinga habari za tabianchi wakaichukua kama ushahidi kwamba wenye visiwa wanalia bila msiba. Serikali ya Tuvalu, kwa upande wake, haikufurahi hata kidogo.

Mimi naona pande zote mbili ziliusoma utafiti kwa haraka. Kisiwa cha atoli si jiwe lililosimama, ni rundo la mchanga na vipande vya matumbawe linalosukumwa na mawimbi. Oktoba 1972 kimbunga Bebe kilivunja karibu nyumba zote za Funafuti, na usiku huohuo mawimbi yakatupa ufukweni tuta la vifusi vya matumbawe lenye urefu wa kilomita 18 au zaidi. Kimbunga kilekile kilichoua kilileta ardhi. Kwa hiyo eneo linaweza kuongezeka huku bahari ikipanda, na hakuna mgongano wowote hapo. Ila eneo si kimo, na wala si maji ya kunywa. Kisiwa kinaweza kupata ekari moja ya kokoto upande mmoja na kupoteza kisima upande wa pili. Mtu halimi gimbi kwenye kokoto.

Kuna kipengele kingine katika hili ambacho ndicho kinachonivutia zaidi, na ni nadra kutajwa. Sehemu kubwa ya mchanga wa Tuvalu ni magamba ya viumbe vidogo sana wa baharini, foraminifera, walio wengi kwenye miamba ya matumbawe. Wanaishi, wanakufa, magamba yanakuwa punje za mchanga, mawimbi yanazileta ufukweni. Yaani ufukwe unazaliwa kila siku. Watafiti kutoka Japani waliofanya kazi Fongafale waligundua kwamba maji machafu yanayovuja kutoka kwenye makaro ya vyoo, yakipita kwenye matundu ya jiwe hadi bahari ya ndani, yanawadhoofisha viumbe hao na matumbawe yenyewe. Choo kibovu, basi, kinakula ufukwe. Huyo ni adui ambaye Tuvalu inaweza kupambana naye bila kusubiri mkutano wowote wa dunia.

Umeme na maji ni mzigo mmoja

Umeme wa Funafuti kwa miaka mingi umetoka kwenye jenereta za dizeli za shirika la umeme la taifa, na dizeli inakuja kwa meli, safari ya siku kadhaa baharini. Hata uzime jenereta zote za Tuvalu kesho asubuhi, bahari haitajua. Gesi joto inayotoka pale ni tone. Kwa hiyo mtu akikuambia Tuvalu inaweka sola ili ijiokoe na mafuriko, mkatalie kwa upole. Sola inawekwa kwa sababu ya bei ya mafuta, kwa sababu ya meli, na kwa sababu nchi inayosimama mbele ya mataifa makubwa kuyaambia yaache makaa ya mawe haipendi kuonekana nyuma yake kuna moshi. Mwaka 2021 waziri Simon Kofe alihutubia mkutano wa tabianchi wa Glasgow kwa video akiwa na suti na tai, suruali imekunjwa, maji ya bahari yakimfika magotini. Maneno ya namna hiyo yanahitaji mkono safi.

Ila sababu iliyo karibu zaidi na maisha ya mtu ni maji. Mwaka 2011 ndio unaoonyesha. Kunapokuwa na hali ya La Niña, pepo za mashariki huvuma kwa nguvu na kusukuma maji ya joto kuelekea magharibi ya Pasifiki. Bahari kuzunguka Tuvalu hunyanyuka, na wakati huohuo mawingu ya mvua huhama. Chumvi inapanda kutoka chini, na juu hakuna kinachoshuka. Mwaka huo matangi yalikauka, na mwishoni mwa Septemba serikali ikatangaza hali ya hatari. Funafuti kila kaya ilipewa ndoo mbili kwa siku, lita 40 hivi. Piga hesabu ya nyumba yenye babu, bibi, wazazi na watoto watano: kupika, kunywa, kuosha mtoto, kufua nepi, kwa ndoo mbili. Ndege za jeshi la New Zealand zikaleta mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari.

Mitambo hiyo haiendeshwi na dua. Inasukuma maji ya bahari kwa shinikizo kubwa kupita kwenye utando mwembamba unaoziacha chumvi nyuma, na kwa kila lita elfu moja inakula yuniti kadhaa za umeme, midogo ikila zaidi. Umeme unatoka kwenye dizeli, na dizeli iko melini. Ndiyo maana nasema meli ya mafuta ikichelewa Funafuti, kinachokuwa hatarini si taa na friza peke yake, ni kikombe cha maji.

Sasa kwa nini wasiweke sola tu?

Wameweka, tena zamani. Mwaka 2008 paneli za kilowati 40 zilifungwa juu ya paa la jukwaa la uwanja wa mpira wa Funafuti na kuunganishwa kwenye gridi. Katika miaka ya 2010 visiwa vya nje, ambako watu ni wachache na mahitaji ni madogo, vilifungiwa sola na betri kwa fedha za Umoja wa Ulaya na New Zealand, na huko jua likawa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mzigo. Funafuti ndiko kwenye kazi. Mradi wa Benki ya Maendeleo ya Asia umeongeza paneli za kilowati 500 kwenye mapaa, pamoja na betri ya megawati-saa 2, yaani inayoweza kutoa megawati moja (kilowati 1,000) kwa saa mbili.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye karakana, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Jenereta kubwa ya dizeli haipendi kufanya kazi nyepesi. Ikiendeshwa muda mrefu chini ya kama theluthi moja ya uwezo wake, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanaganda ndani, na injini inakufa kabla ya siku zake. Wakati huohuo jenereta inabidi iwe inanguruma tayari, kwa sababu wingu moja likipita juu ya Fongafale, paneli zilizokuwa zinatoa kilowati 500 zinaweza kushuka hadi 100 katika muda wa kufumba na kufumbua. Kisiwa ni kidogo, paneli zote ziko chini ya wingu moja. Nchi kubwa ina bahati: kukiwa na kivuli mkoa huu, mkoa ule kuna jua, na wastani hausumbuki. Funafuti haina mkoa wa pili.

Kwa hiyo ukiongeza paneli tu bila kingine, unafika mahali saa sita mchana jua ni jingi lakini huwezi kulipokea lote, maana jenereta lazima ipewe kazi yake ya chini. Unazima paneli huku unachoma dizeli. Betri ndiyo inayofungua fundo hilo. Watu wengi huifikiria betri kama ghala la usiku. Kazi yake ya kwanza Funafuti ni kuziba pengo la sekunde na dakika wingu linapopita, ili jenereta zipunguzwe au zizimwe mchana bila taa kuyumba. Ghala la usiku ni habari nyingine: mahitaji ya Funafuti yakiwa kwenye megawati moja na kitu, betri ya megawati-saa 2 haifiki saa mbili kabla ya kwisha. Usiku una saa kumi na mbili.

Jirani yao Tokelau, visiwa vitatu vilivyo chini ya New Zealand vyenye watu kama 1,500, alitangulia. Mwaka 2012 alifunga paneli 4,032 na betri 1,344, akaachana na lita zipatazo 200 za dizeli alizokuwa akichoma kila siku, na dunia ikamshangilia kuwa wa kwanza kuendesha karibu kila kitu kwa jua. Kilichofuata kilikuwa cha kibinadamu kabisa. Umeme ulipopatikana saa zote, watu wakanunua friza. Nani asingenunua, samaki wakiwa ndio kitoweo? Matumizi yakapanda, na siku za mawingu jenereta zikarudi kushika zamu. Mtu anayepanga sola kwa matumizi ya leo anapanga kwa ajili ya jana.

Hesabu ya ardhi

Turudi kwenye zile kilomita za mraba 26. Funafuti nzima, visiwa vyake vidogo zaidi ya 30 vikijumlishwa, ina kama hekta 240, na Fongafale yenye watu ni sehemu yake tu. Kila kipande kina mwenyewe. Ardhi nyingi ni kaitasi, mali ya ukoo mzima isiyogawanywa, na neno hilo lina maana ya kula kama mtu mmoja. Ni utaratibu mzuri wa kumlinda yatima na mjane. Ni utaratibu mgumu kwa mtu anayekuja na mkataba wa kukodi hekta mbili kwa miaka 25, kwa sababu anayetakiwa kuweka sahihi huenda yuko Suva huko Fiji, au Auckland.

Ndiyo maana wameanza kwenye mapaa, kisha wakahamia majini. Kwenye bwawa la Tafua, hapohapo Funafuti, kumewekwa paneli zinazoelea za kilowati 100 hivi, zinazotarajiwa kutoa kama asilimia 2 ya umeme unaotumika Funafuti kwa mwaka. Namba hiyo ndogo inafaa sana kupigia hesabu. Kama kilowati 100 ni asilimia 2, basi kukidhi mahitaji yote unahitaji mara hamsini yake: megawati 5. Hizo ni za kwenye karatasi. Toa umeme unaopotea kuingia na kutoka kwenye betri, weka akiba ya wiki ya mawingu, umefika 6 au 7. Zikifungwa ardhini, megawati moja inadai hekta moja na zaidi ukihesabu njia za kupita na kivuli cha safu moja kwa nyingine. Hekta 7, basi, au zaidi.

Shika namba hiyo, kisha tazama upande wa bahari ya ndani. Mwishoni mwa 2023 Tuvalu ilikamilisha ardhi mpya iliyojazwa kwa mchanga mbele ya Fongafale, urefu wake mita 780 na upana kama mita 100, ikanyanyuliwa makusudi ili mafuriko yasiifikie hata baada ya 2100. Ni kazi ya mradi wa ulinzi wa pwani uliopata ruzuku ya dola milioni 36 za Marekani kutoka Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, unaogusa pia visiwa vya Nanumea na Nanumanga. Ukubwa wa ardhi hiyo mpya ni hekta 7.3.

Yaani ardhi hiyo salama, iliyopatikana kwa miaka ya kuomba na kupanga, inalingana karibu sawasawa na eneo ambalo paneli za Funafuti zingelihitaji kama zingelazwa chini. Kila mwenye akili ataona kwamba hapo panafaa nyumba, zahanati na matangi, si chuma na vioo. Hekta zinazogombewa na sola zinagombewa pia na watu wanaoikimbia bahari. Jua halina mwenyewe na wala halipungui. Linakosa mahali pa kutua.

Mengine niyapitie haraka. Upepo upo, lakini si wa nguvu ya kuaminika mwaka mzima, na nguzo ndefu kwenye njia ya vimbunga ni kichwa kinachouma. Kinyesi cha nguruwe, na nguruwe ni wengi, kimejaribiwa kutoa gesi ya kupikia kwenye kisiwa kidogo cha Amatuku; inafaa jikoni, haiendeshi mji. Chumvi ya hewani inakula boliti, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika majumbani) kwa kasi ambayo fundi wa bara asingeiamini, na kipuri kinasubiri meli ileile ya dizeli. Betri zikichoka hazina pa kuzikwa kwenye nchi yenye jalala moja lililobanwa mwisho wa kisiwa chembamba. Inabidi zirudishwe zilikotoka, na nauli ya kuzirudisha ni nadra kuandikwa kwenye mkataba wa msaada.

Lengo la umeme wote kutoka nishati jadidifu liliwekwa kwanza kwa 2020. Likasogezwa 2025, kisha 2030. Sitawacheka. Lengo lenyewe ni la umeme tu: mashua zinazounganisha visiwa, pikipiki zilizojaa barabara moja ya Fongafale na gesi ya jikoni havimo. Na kuna swali ambalo wahandisi wengine hawaulizwi kamwe: umeme huo ni wa watu wangapi? Novemba 2023 Tuvalu na Australia zilitia sahihi mkataba unaoitwa Falepili, neno ambalo kwetu tungesema ujirani mwema, unaowaruhusu Watuvalu hadi 280 kwa mwaka kuhamia Australia kwa bahati nasibu. Awamu ya kwanza ilipofunguliwa katikati ya 2025, waliojiandikisha pamoja na familia zao walifika 8,750. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya nchi. Kujiandikisha si kuondoka, na wengi huenda wanataka tu mlango uwe wazi, lakini anayekokotoa mahitaji ya 2040 inabidi achague namba ya kuanzia, na kila namba anayoichagua ni kauli ya kisiasa.

Uwanja mpana kuliko yote Tuvalu, tambarare, usio na kivuli, ni njia ileile ya ndege ya 1943, kilomita moja na nusu ya lami inayopigwa na jua kutwa. Ndege hutua mara chache kwa wiki. King'ora hulia, watu hutoka, ndege hushuka. Muda mwingine wote ni wazi, na huwezi kuweka hata paneli moja hapo. Jioni joto linapopungua watu huja na mipira na mikeka, vijana wanacheza, wazee wanakaa wanapiga soga, wengine hulala hapohapo usiku wa joto kali kwa sababu ndipo penye upepo. Saa moja usiku, majumbani taa na feni zimewashwa na sola imeshalala. Betri inashuka polepole kwenye skrini ya chumba cha mitambo, na mtu wa zamu anaiwasha jenereta.